Home, dirisha la ndege, na msitu ambao watu wanasema ni mtupu

Bandugu, wengi wetu tunaijua filamu Home ya Yann Arthus-Bertrand. Ilitoka tarehe 5 Juni 2009, siku ya mazingira duniani, bure kwenye intaneti. Karibu picha zote zimepigwa kutoka juu, katika inchi zaidi ya 50. Ni nzuri sana, sibishi.

Furaha yake ndiyo ileile anayopata mwenye kiti cha dirisha kati ya Kindu na Kinshasa. Karibu kilomita 1,200: Lomami inapita chini, nyembamba kama uzi, kisha msitu, msitu, msitu tena, mpaka savana ianze kuonekana Kinshasa ikikaribia. Ndege ikitua, picha inapostiwa: "Kongo, mapafu ya dunia". (Sisi wa Alunguli tunavuka kwanza kwa mtumbwi, sababu uwanja wa ndege uko ng'ambo. Mto tunaujua kwa viatu kulowa, mbele ya kuuona kwa dirisha.)

Mimi nina neno na Home. Sauti ni moja tu, ya msimulizi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Binadamu anaonekana kwa mbali, anasemewa, yeye mwenyewe hasemi kitu. Lakini kubwa zaidi ni hii: kutoka juu, jicho linashika haraka kile chenye mistari. Filamu ikifika Borneo inaonyesha michikichi imepangwa kama daftari ya hesabu, na pale ina haki, uharibifu unaonekana wazi. Kilimo cha wazee wetu hakina mistari. Mpunga, muhogo, mahindi na ndizi vinachanganyika, visiki vinabaki shambani, kisha shamba linalazwa lipumzike. Kamera ikipita juu yake inaona nini? Ama "msitu uliochomwa", ama "msitu wa asili". Jina la tatu haina.

Na jina la tatu ndilo tulilosoma ku fakiltee. Shamba likilazwa, parasolie (Musanga cecropioides) inaota haraka, majani yake kama mwavuli, miti yote ya umri mmoja. Inaishi miaka kama 20, halafu inaachia nafasi miti mingine. Kwa hiyo ukiona kutoka dirishani kipande cha kijani cheupe-cheupe, kilichonyooka juu kama kimekatwa na mkasi, pale kuna mtu alilima, na kuna mtu anayejua jina la aliyelima. Ukiona michikichi imekusanyika peke yake katikati ya miti mikubwa, mara nyingi pale palikuwa kijiji. Wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilisogezwa kando ya barabara. Watu walihama, michikichi ilibaki.

Hii si mambo ya uzuri wa picha tu. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II iliandika kwamba ardhi tupu ni mali ya serikali. Shamba lililolazwa, kwa macho ya mgeni, ni ardhi tupu. Leo tuko na dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii ya kijiji kuomba konsesyo ya msitu mpaka hektari 50,000. Ombi linataka ramani. Msomi anayejua msitu kwa picha za juu tu ataketi mbele ya ile ramani na kusema "huku hakuna mtu", na mzee aliyezika babu yake pale ataanza kubishana na mtoto wake mwenyewe.

Arthus-Bertrand mwenyewe alishuka chini baadaye. Katika Human, ya 2015, watu wanaongea uso kwa uso na kamera. Walihojiwa zaidi ya 2,000. Naipenda kuliko Home. Lakini hata pale, anayeongea amewekwa mbele ya kitambaa cheusi, bila shamba nyuma yake, na ardhi ikionyeshwa, inaonyeshwa tena kutoka juu, bila sauti ya mtu. Vitu viwili hivi havikutani.

Basi wewe mwenye kiti cha dirisha: usingoje mawingu. Dakika kumi za kwanza baada ya kuruka Kindu ndizo zinasomeka vizuri, ndege ikiwa bado chini. Tafuta kijani cheupe-cheupe. Na kama jirani yako ni mama au mzee wa huku, muonyeshe kwa kidole, muulize pale palikuwa kwa nani.