Ngoma inayokatwa katikati

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita pembeni ya pori la Ituri na mashine yake, akarekodi Wabira, Wabudu, Wanande na Wambuti. Kazi ya kusifiwa kabisa. Lakini usikilize zile diski: kisha dakika chache ngoma inanyamaza. Diski ilikuwa na mwisho wake. Kijijini ngoma inaisha wakati miguu imechoka.

Leo wanafunzi wangu wako na telefone, zenye kurekodi hata saa nzima, na bado wananiletea dakika mbili, juu yake wameandika «ngoma ya kienyeji», basi. Nani alipiga? Kwa ndoa ao kwa kilio? Mguu gani unatangulia? Tracey, yeye, aliandika majina ya wapigaji. Mzee mmoja aliwauliza: «Batoto, mutaicheza namna gani?» Nimewarudisha kwake.