Walenisi na Zamu ya Maji

Katika riwaya ya Walenisi (1995), Katama Mkangi anampakia Dzombo, aliyehukumiwa kifo, kwenye chombo cha anga. Adhabu inageuka safari ya kuokoka. Wapendwa, sisi wa Digodigo tuliosimuliwa miujiza ya Ghambageu hatushangazwi na chombo hicho. Kilichonigusa ni jina: wale ni sisi. Huko hakuna anayemnyonya mwenzake, na hapo Mkangi anastahili sifa. Ila msamaha naona kaupa nafasi ndogo. Kwetu mfereji una zamu, na bado mshiriki wa Meza ya Bwana huamka usiku akageuzia shambani kwake maji ya jirani. Ningependa Dzombo amkute mtu huyo Walenisi, nione wenyeji wangemfanyaje.