Sifa kwa Mkwangua Kutu

Nje ya Fort Jesus, Mombasa, ipo mizinga miwili ya mahasimu. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha, ambayo nayo iliishia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Vita vyao vilikwisha zamani. Sasa wana adui mmoja: chumvi.

Hewa ya bahari huibeba chumvi hadi kwenye vinyweleo vya chuma, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu, chuma huliwa hata siku isiyo na mvua. Kupaka rangi juu ya kutu ni kufunika kidonda chenye usaha. Fundi wa kweli huosha kwanza kwa maji matamu, akakwangua kwa nyundo ndogo na brashi ya waya, akapiga msasa, akakausha, kisha akawahi kupaka praima kabla unyevu wa jioni haujashuka. Wala hakwangui ovyo: nambari alizozigonga mtengenezaji zikifutika, hakuna rangi itakayozirudisha. Huziba mdomo wa mzinga, husaka kila kishimo kinachotuamisha maji, na hukagua shaba inapogusana na chuma, maana hapo chuma huliwa mbio zaidi.

Vitu vilivyoopolewa kuanzia 1977 kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, vimepata paa. Mizinga ya nje haina paa ila rangi yake. Hata ndege za kale zinazowekwa uwanjani mwa makumbusho kwingineko huteswa vivyo hivyo: alumini iliyoshikana na chuma, maji yaliyonaswa ndani ya bawa.

Upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, Kilindini, kazi hii ina wenyewe. Vizazi vya mafundi vimekwangua kutu za meli, na elimu yao imo mikononi. Naisifu kazi hii kwa kuwa haina siku ya kumalizika. Masika yakipita, kazi huanza upya. Mjenzi huonyesha nyumba, mshonaji huonyesha kanzu. Mtunzaji akifaulu, kitu kimebaki vilevile, na mpita njia hana la kusifu.

Majina ya manowari zile yanajulikana. Kazi ya kuitunza mizinga yake nayo ipewe heshima, na fungu lake la fedha kila mwaka, kabla kutu haijatangulia.