Mpigo Safi Husomwa Ardhini

Kwenye viwanja vya mazoezi ya gofu, mpira ukipigwa macho ya watu huruka nao. Kedi mzoefu, yule anayembebea mchezaji fimbo, huinama akatazama mahali ulipokuwa. Ana sababu. Mpira huo, ambao kanuni zinautaka usizidi gramu 45.93, hugusana na uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hakuna jicho linaloweza kulidaka tukio hilo. Anayetaka kujua kama mchezaji anaugusa mpira vizuri kila mara, au kabahatika tu, hana budi kusoma kilichoachwa nyuma.

Nyasi ndizo shahidi wa kwanza. Kichwa cha fimbo husafiri kwa mviringo, na mviringo huo una mahali pake pa chini kabisa. Mpira ukiwa juu ya nyasi na fimbo ikiwa ya chuma, mchezaji hodari hupaweka mahali hapo sentimita kadhaa mbele ya mpira, upande wa shabaha. Kwa hiyo chuma hukutana na mpira kikiwa bado kinashuka, ndipo kiguse ardhi. Vipimo vya rada ya TrackMan kwa wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour vimeonyesha fimbo namba 7 ikishuka kwa wastani wa nyuzi 4 hivi inapougusa mpira. Mwanafunzi anayejikunja ili aunyanyue mpira anajitafutia kazi isiyo yake, kwa kuwa mwinamo wa uso wa fimbo umetengenezwa kwa ajili hiyo.

Jaribio la kupata mahali hapo pa chini ni rahisi. Mstari mwembamba wa chokaa huchorwa kwenye nyasi, mchezaji akasimama kana kwamba mpira uko juu ya mstari, kisha akapiga mara kumi bila mpira, akisogea hatua kidogo kila mara. Alama za nyasi zilizong'oka zianzie mstarini au mbele yake. Alama moja nzuri haithibitishi kitu; mkaguzi makini hutazama zilivyotawanyika. Mchezaji ambaye alama zake zote huanzia karibu pamoja, hata kama si mahali bora kabisa, ana jambo la kurekebishwa kwa urahisi. Yule ambaye moja iko nyuma kwa shibiri na nyingine haipo kabisa bado hana mpigo wa kurekebishwa.

Hapa walimu wa mitaani huwapoteza watu. Mpigo unaochimba udongo kabla ya kuufikia mpira, na ule unaoukwangua mpira kichwani ukakimbia chini kwa chini, huhesabiwa kuwa makosa mawili yaliyo kinyume. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mahali pa chini pamebaki nyuma, kwa kawaida kwa sababu uzito wa mwili umebaki kwenye mguu wa nyuma. Fimbo ikifika chini mapema huzama. Ikiponea ardhi, huwa imeanza kupanda inapoukuta mpira. Anayeambiwa leo "shuka" na kesho "inuka" atazunguka hapo hapo mwaka mzima.

Kina nacho kina habari. Alama nzuri ni pana na haina shimo. Ikizama zaidi upande wa ncha ya fimbo kuliko upande wa kisigino, huenda fimbo yenyewe imelala mno kwa urefu wa mtu huyo, na mazoezi peke yake hayatamsaidia.

Kutoka ardhini, mkaguzi ahamie usoni mwa fimbo. Poda nyepesi ikipakwa pale, kila mpira huacha duara lake. Hakuna ushahidi wa aina hii uliopata sifa kuliko fimbo ya chuma namba 1 ya mcheza gofu Ben Hogan. Februari 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi huko Texas, akanusurika kufa. Juni 1950, akiwa na miguu inayouma, aliitumia fimbo hiyo kwenye shimo la 18 la uwanja wa Merion, Pennsylvania, akapata nafasi ya kwenda kwenye mechi ya marudiano, na kesho yake akatwaa US Open. Fimbo ikaibwa, ikapatikana baada ya zaidi ya miaka 30. Katikati ya uso wake palikuwa na doa la kulika, dogo kama sarafu.

Sikio nalo lifanye kazi. Mnunuzi wa chungu hukigonga kabla ya kutoa fedha. Mpigo nao hulia mzito na mfupi ukiwa katikati, na hutoa mlio mkali unaotetemesha vidole ukiwa pembeni.

Umbali ndio shahidi mwongo kuliko wote. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo mtu wa Mombasa akipanda huko mpira wake huenda mbali zaidi bila yeye kuboresha chochote. Nyasi pia hudanganya. Ile nyasi ya kikuyu, mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, imeenea hadi California, na inatawala njia za uwanja wa Riviera, Los Angeles. Inapokatwa fupi huushikilia mpira juu kama umewekwa kwenye tii, kile kigingi kidogo cha kuinulia mpira, na mpigo wa wastani ukaonekana safi. Inapoachwa ndefu hushika kichwa cha fimbo, na hapo unafuu wote hutoweka.

Fimbo za kisasa pia huficha makosa. Karsten Solheim, mhandisi aliyefanya kazi General Electric kabla ya kujenga kampuni ya Ping, alihamishia uzito pembezoni mwa kichwa cha fimbo ili mpigo wa pembeni usiadhibiwe sana. Ni neema kwa mchezaji. Mkaguzi, hata hivyo, ataomba fimbo ya zamani yenye mgongo mnene usiochimbwa.

Umaridadi wa mwili haupewi alama. Moe Norman wa Kanada alisimama miguu imetanuka, mikono imenyooshwa, fimbo ikianzia mbali nyuma ya mpira. Alitwaa ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Kanada mwaka 1955 na 1956, na unyoofu wa mipira yake ukampa jina la utani "Pipeline Moe".

Kwa draiva, fimbo ya mipigo mirefu, utaratibu hubadilika. Mpira uko juu ya tii, karibu na kisigino cha mguu wa mbele, na fimbo haitakiwi kugusa ardhi kabisa. Inayobaki ni poda. Duara likiangukia upande wa ncha, mpira wa mtu wa mkono wa kulia huelekea kupinda kushoto. Likiangukia kisigino, kulia. Kabla ya kumlaumu mchezaji kwa kupindisha mpira, uso wa fimbo utazamwe kwanza.