Giaboksi Huanza Kufa Kwenye Mkono wa Nyuma

Dereva akikuambia gia ya pili inachomoka kila anapopandisha mlima, usikimbilie kufungua injini. Isimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, lisukume kushoto na kulia. Kisha toa kifuniko cha sproketi ndogo ya mbele, uishike kwa vidole na kuitikisa juu na chini. Gurudumu likiyumba na sproketi nayo ikacheza, una magonjwa mawili yaliyoshikamana: la mkono wa nyuma, yaani ule unaoshika gurudumu la nyuma, na la giaboksi. Fundi atakayetibu la giaboksi peke yake atampokea mteja yuleyule tena kabla msimu wa mvua haujaisha.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya mizigo ya huku kwetu. Rumonge imekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na milima iliyo nyuma ya mashamba ya michikichi inapita mita 2,000. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Funga bidoni sita nyuma, umefika kilo 108 kabla hujamhesabu dereva, na safari inaanza kwa kupanda. Anayepanda na samaki, ndagala au mukeke, kutoka mwaloni hana mzigo mwepesi zaidi, na yeye anaongeza maji na mchanga.

Injini nyingi zinazofanya kazi hii, pamoja na zile za pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, ni nakala za Kichina za Honda CG125, muundo wa katikati ya miaka ya 1970. Honda waliufikiria kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili hucheleweshwa, ndiyo maana vali zake husukumwa kwa fimbo badala ya kuwa na kemu juu ya kichwa cha injini. Ni injini inayosamehe mengi, ila cheni iliyopinda au iliyokazwa kupita kiasi haiisamehe.

Tupige hesabu. Injini ya aina hii hutoa takriban niutoni-mita 9. Ikiwa kwenye gia ya kwanza, meno ya klachi na ya gia yenyewe huzidisha nguvu hiyo kama mara 11. Sproketi ya mbele yenye meno 15 kwa cheni ya 428 ina nusu kipenyo cha milimita 30 hivi. Gawanya, utapata kwamba cheni huvuta shafti ya kutolea nguvu kwa zaidi ya kilo 300, na mvuto wote huo unaishia kwenye beringi moja ndogo iliyo nyuma ya sproketi. Beringi hiyo imeundwa kuvutwa kwenda nyuma kwa mstari ulionyooka. Bushi za mkono wa nyuma zikiisha, gurudumu huinama upande kila dereva anapofungua mafuta, cheni huvuta kwa mshazari, na shafti huanza kuyumba ndani ya kasha. Shafti ikiyumba, gia haziingiani kwa kina chake chote. Hapo ndipo gia ya pili inapoanza kuchomoka.

Kuna sababu nyingine ambayo mafundi wengi huiruka. Mkono wa nyuma hauzungukii kwenye sproketi, unazungukia kwenye bolti yake ndefu iliyo nyuma ya sproketi. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi na ekseli ya gurudumu hubadilika mkono unapopanda na kushuka. Umbali huo ni mkubwa kuliko wote pale vituo vitatu, yaani sproketi, bolti na ekseli, vinapokaa kwenye mstari mmoja, na mzigo mzito hulisukuma gurudumu hadi hapo hasa. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu hugeuka waya wa gitaa bidoni sita zikipanda.

Sasa tufungue. Kasha la CG limegawanyika katikati, kushoto na kulia, hivyo giaboksi haifikiki bila kuishusha injini yote, kutoa kichwa, silinda, klachi na magineti. Magineti itolewe kwa pula yake. Anayeipiga nyundo hupinda ncha ya krenki na kujiundia ugonjwa wa tatu. Kabla ya kutoa gia yoyote, piga picha kwa simu, kisha pitisha gia za kila shafti na washa zake kwenye waya kwa mpangilio uleule. Washa moja ikikaa upande usio wake, gia haitaingia, nawe utajua hivyo kasha likiwa limeshafungwa.

Gia hazitembei ili meno yake yakutane, kwani meno hukaa yamekutana wakati wote. Kinachoshikana na kuachana ni kucha zilizo ubavuni mwa gia, zikisukumwa na uma tatu zinazoongozwa na pipa lenye mifereji. Kagua pembe za kucha. Kucha nzima ina kona kali, na iliyochoka imeviringika na inang'aa. Hapa nina ugomvi wa kweli na desturi ya kujazia kucha kwa kuchomelea kisha kuzipiga tupa. Chuma cha gia ni kigumu kwenye ngozi yake tu, unene usiofika hata milimita moja kwenye gia ndogo kama hizi. Moto wa kuchomelea huua ugumu huo, na tupa huondoa kilichosalia. Kucha hiyo itashika wiki chache, kisha vipande vyake vitasagwa pamoja na gia nzima. Najua vipuri ni adimu, fedha za kigeni zimekuwa tabu, na gia nyingi zinangojewa kutoka Tanzania. Hata hivyo, jozi iliyotumika lakini yenye kona kali, iliyotolewa kwenye injini iliyokufa kwa sababu nyingine, ni bora mara nyingi kuliko kucha ya kuchomelea. Badilisha gia mbili zinazokutana, pamoja na uma wake ukiwa umepinda au una alama ya bluu ya joto.

Beringi haihitaji nyundo. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kawaida cha beringi. Kwa beringi ya 6203, yenye kipenyo cha nje cha milimita 40, kasha likipanda kutoka joto la chumba hadi nyuzi 100 tundu hupanuka kwa takriban milimita 0.07, na hiyo inatosha beringi ya zamani kuanguka yenyewe. Weka kasha tupu, lililosafishwa, juu ya bati pana kwenye jiko la mkaa wa wastani. Tone la maji likichemka na kutoweka papo hapo, joto limefika. Beringi mpya ikae kwanza kwenye friza ya duka la jirani, nayo itazama mahali pake kwa kusukumwa kwa kidole.

Mkono wa nyuma unaanza na vita ya bolti ndefu. Maji na mchanga huingia, kutu huigandisha bolti ndani ya bomba la bushi, na mara nyingi hulazimu kuikata. Grisi ingezuia yote hayo, na ziwa letu lina ushahidi mkubwa kuliko pikipiki yoyote. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikisukumwa na injini zake zilezile za mvuke. Karibu miaka minane chini ya maji! Bolti yako inahitaji kijiko kimoja tu.

Lakini grisi iende mahali pake. Bushi za plastiki ngumu huzungukia juu ya bomba la chuma, na hapo paka kwa ukarimu. Bushi za mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma hazizunguki kabisa, mpira wenyewe ndio unaojipinda. Grisi ya petroli huulainisha na kuuvimbisha mpira wa asili, kwa hiyo paka bolti tu, safu nyembamba, na ufute ziada. Bushi hizi zina sharti jingine: nati ya bolti isikazwe mkono ukiwa unaning'inia. Ukikaza hivyo, mpira utaishi umepindwa siku zote za mzigo na kuchanika mapema. Shusha pikipiki chini, pakia bidoni au wakalishe watu wawili, ndipo ukaze.

Mkono uliopasuka na kuchomelewa upimwe kabla ya kurudishwa. Pitisha nondo ndefu iliyonyooka kwenye tundu la bolti na nyingine mahali pa ekseli, kisha pima umbali kati ya ncha zake pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, bushi mpya hazitasaidia, cheni itaendelea kuvuta mshazari.

Cheni yenyewe irekebishwe mwishoni, kwa njia hii. Toa shokapu, inua gurudumu hadi vituo vitatu vikae mstari mmoja, na hapo cheni ibaki na ulegevu mdogo, milimita chache. Rudisha shokapu, pima ulegevu pikipiki ikiwa tupu, na umwandikie dereva namba hiyo kwa rangi kwenye mkono wa nyuma. Mara nyingi itaonekana legevu machoni pake, naye atataka kuikaza. Mweleze sababu.

Oili iwe ya pikipiki, kwa kuwa klachi huoga kwenye oili ileile ya gia, na baadhi ya oili za magari huitelezesha. Ziwa linapopanda kama lilivyopanda mwaka 2024 na maji kukaa barabarani, injini ya moto ikizama hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia bomba la kupumulia. Oili yenye rangi ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo. Baada ya kazi hii mwaga oili ya kwanza mapema, uichuje kwa kitambaa cheupe. Vumbi laini la fedha ni gia mpya zikizoeana, ila kipande chenye kona ni kucha iliyovunjika, na kasha lirudi mezani.