Urithi Usiogawanyika: Uhakiki wa Lugha ya Kufundishia Jenetiki kwa Kiswahili

Ikisiri

Mjadala kuhusu kufundisha sayansi kwa Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika uhaba wa istilahi. Makala hii inauhakiki msimamo huo kwa kuangalia mada ya urithi wa kibiolojia, hasa ugonjwa wa selimundu. Inadai kwamba istilahi zipo, ila baadhi yake huingia darasani na kliniki zikiwa na mantiki ya mirathi na ukoo, mantiki inayopingana na sayansi yenyewe. Inadai pia kwamba lugha ya uwezekano, ambayo ndiyo kiini cha somo, haijashughulikiwa.

Pale somo linapofundishwa kweli

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya biolojia limepungua nguvu. Maneno kama seli, jeni na kromosomu yamekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, jenetiki haifundishwi kwa Kiswahili katika madarasa mengi rasmi. Nchini Tanzania, shule za msingi za umma hufundisha sayansi kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi anapofika sekondari, ambako jeni huchambuliwa kwa kina, lugha hubadilika kuwa Kiingereza. Kenya na Uganda nazo hutumia Kiingereza katika hatua hiyo.

Kwa hiyo Kiswahili cha jenetiki huishi mahali pengine. Ni lugha ya mwalimu anayeona nyuso za wanafunzi zimeduwaa akaamua kufafanua kwa mdomo, ya muuguzi anayezungumza na wazazi wa mtoto mgonjwa, na ya mtangazaji wa kipindi cha afya redioni. Hakuna kamati iliyoipitia. Lugha hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa, kwa sababu ndiyo inayoamua watu wataelewa nini.

Mantiki ya mirathi

Kitenzi kurithi kina historia ndefu katika sheria na desturi kabla ya kuombwa kufanya kazi ya kibiolojia. Katika mirathi, mali huwa ya mtu, naye anapofariki, mali hiyo humtoka na kuwaendea warithi. Warithi wakiwa wengi, mafungu huwa madogo. Tena mafungu hayo si lazima yalingane: katika sheria ya Kiislamu inayofuatwa na Waswahili wengi wa pwani, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya fungu la dada yake, na katika jamii nyingi za bara zinazofuata ukoo wa baba, ardhi hupita kwa wanaume.

Jeni hazifuati hata moja kati ya kanuni hizo. Mzazi hatoi kitu kikamtoka. Hutoa nakala, naye akabaki na chake. Mtoto wa nane hapati pungufu kuliko mtoto wa kwanza. Binti hupokea nusu ya kromosomu zake kwa baba na nusu kwa mama, sawa na kaka yake. Mwanafunzi anayesikia neno urithi bila maelezo haya ana kila sababu ya kuamini kinyume chake, na hapo hatakuwa mzembe: atakuwa ameielewa lugha yake vizuri.

Methali nazo huvuta upande huohuo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini hakuna anayeuliza nyoka yupi, wa kike au wa kiume. Mzazi katika methali ni mmoja. Somo lote la Mendel, aliyewasilisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1865, limesimama juu ya wazazi wawili na juu ya sifa inayoweza kupotea machoni kizazi kimoja na kuonekana tena kizazi kinachofuata. Neno tabia, linalotumika mara kwa mara kwa maana ya sifa ya kimaumbile, linaongeza utata: mwanafunzi anayesoma kuhusu tabia za kurithi huwaza wizi na ulevi kabla ya kuwaza umbo la seli nyekundu za damu. Neno sifa lingetosha, wala halihitaji kubuniwa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kauli ya kusababisha. Mtu akisema wazazi wamemrithisha mtoto ugonjwa, sarufi yenyewe imekwisha kuteua mtendaji. Kurithisha ni tendo la hiari katika matumizi yake ya kawaida. Mtu humrithisha mwanawe shamba au jina kwa kukusudia. Na pale mtendaji anapotafutwa katika ukoo wa baba, mara nyingi kidole humwelekea mama, kwa kuwa ndiye aliyekuja kutoka nje ya ukoo. Lawama hiyohiyo humwangukia mwanamke anayezaa mabinti watupu, ingawa ni mbegu ya mwanamume yenye kromosomu X au Y inayoamua jinsi ya mtoto.

Kiswahili cha nyumbani kina njia nyingine. Watu husema mtoto amechukua sura ya babu yake, au amemfuata mjomba kwa urefu. Katika kauli hizi mtoto ndiye kiima, aliyechukuliwa kwake hajapungukiwa, na hakuna anayeshtakiwa. Tena kuchukua huruhusu pande mbili bila shida: amechukua macho kwa mama na kimo kwa baba. Hata utani wa mitaani kwamba mtoto ni fotokopi ya baba yake uko karibu na ukweli wa kibiolojia kuliko istilahi rasmi, maana humwacha mwenye asili na kilicho chake (kosa la utani huo ni kumsahau mama). Huenda wapo watakaoona kuchukua ni neno la kawaida mno kwa sayansi. Hoja hiyo haina uzito. Urithi unaweza kubaki jina la mada katika mihtasari, huku sentensi za ufafanuzi zikijengwa kwa kuchukua na nakala. Faida nyingine ni kwamba nakala huweza kuwa na kosa: selimundu ilitokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya protini ya damu, na mtu yeyote aliyewahi kunakili barua anaelewa jambo hilo.

Damu, vinasaba na vimelea

Neno vinasaba limeenea sana Tanzania, na limetokana na nasaba. Wakati mwingine humaanisha jeni, wakati mwingine DNA yote, kama inavyosemwa kipimo cha vinasaba. Utata huo si wa kupuuzwa, ingawa haudhuru kama unavyodhuru utata wa damu. Damu kwa Kiswahili ni udugu. Selimundu nayo ni ugonjwa unaoonekana katika damu. Maana hizo mbili zikikutana, huzuka kauli kwamba damu za wanandoa haziendani, au matumaini kwamba mgonjwa akiongezewa damu ya mtu mzima atakuwa amebadilishwa asili yake na hatazaa watoto wenye tatizo. Kuongezewa damu humsaidia mgonjwa, lakini hakugusi nakala anazowapa wanawe.

Kinachotisha zaidi ni neno vimelea, linalosikika mara nyingine kwa watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu. Vimelea ni viumbe vinavyoishi ndani ya kiumbe kingine na kumdhuru. Mtu mzima, asiye na dalili, hugeuzwa na neno hilo kuwa hatari kwa wenzake. Hata mbebaji, lililo afadhali, linaleta picha ya mzigo. Hakuna kati ya maneno hayo linaloacha nafasi kwa ugunduzi wa Anthony Allison wa mwaka 1954, uliotokana na utafiti katika Afrika Mashariki, kwamba mwenye nakala moja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Maelezo mepesi, mwenye nakala moja, ni sahihi na hayamdhalilishi mtu.

Moja kati ya nne

Wazazi wawili wenye nakala moja kila mmoja wana uwezekano wa moja kati ya nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mwenye selimundu. Kauli hii kwa Kiswahili hutamkwa mara nyingi hivi: katika watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa. Inasikika kuwa sawa, lakini sivyo. Hesabu ni rahisi: katika familia 256 za namna hiyo zenye watoto wanne, zinazotarajiwa kuwa na mgonjwa mmoja hasa ni 108. Familia 81 hazitakuwa na mgonjwa yeyote, na 67 zitakuwa na wawili au zaidi. Kauli hiyo, basi, haitimii katika zaidi ya nusu ya familia.

Madhara yake yanajulikana. Mzazi mwenye mtoto mmoja mgonjwa huamini zamu imekwisha pita. Mwenye watatu wazima huogopa wa nne kama aliyehukumiwa. Wote wawili wamepewa mantiki ya zamu, ilhali jambo lenyewe halina zamu.

Vielelezo vya darasani huweza kulizidisha kosa hili. Mwalimu akiweka maharage manne mfukoni, moja jekundu na matatu meupe, kisha wanafunzi wakachota moja moja bila kurudisha, amefundisha zamu kwa mikono. Kielelezo sahihi kinahitaji mifuko miwili, mmoja wa kila mzazi, kila mfuko ukiwa na harage jekundu na jeupe. Mwanafunzi huchota moja kutoka kila mfuko, huandika alichopata, kisha huyarudisha yote mawili kabla ya mwenzake kuchota. Kitendo cha kurudisha ndicho somo. Nayo sentensi inayolingana nacho ipo: kila mimba huanza upya.

Mpakani

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Uganda. Mwaka 1949, Lehmann na Raper walionyesha jinsi nakala ya selimundu ilivyotofautiana kati ya makabila ya Uganda, na kati ya Waamba wa chini ya milima ya Rwenzori walikuta zaidi ya watu wanne katika kila kumi wakiwa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wana nakala moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Waamba wapo pia upande wa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku kwa wengi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Vijana watakaosoma jenetiki kwa Kiingereza asubuhi na Kiswahili mchana ndio watakaowafafanulia wazazi wao jambo hili, na Kiswahili watakachokutana nacho ni hikihiki chenye vimelea na zamu.

Washauri wa sera wanaoandaa orodha za istilahi za pamoja za Jumuiya wangefanya vema kuongeza safu moja katika majedwali yao. Mbele ya kila neno la jenetiki iandikwe sentensi nzima ambayo muuguzi ataitumia, kisha msikilizaji aulizwe ameelewa nini kabla neno halijapitishwa. Akijibu kwamba mtoto wa tano hana hatari kwa kuwa wa kwanza aliumwa, sentensi irudishwe mezani, hata kama kila istilahi iliyomo ni sanifu.