Mishipa 11 ya Mawangdui

Tiba ya sindano ya Wachina ilianza lini? Zamani jibu lilitafutwa kwenye Huangdi Neijing, kitabu kilichopewa jina la mfalme wa hekaya, kikanakiliwa na kupangwa upya karne baada ya karne. Ukikisoma leo, huwezi kujua sentensi ipi ni ya lini. Kaburi la 3 la Mawangdui, mjini Changsha, ndilo lililoleta kipimo. Lilifukuliwa kuanzia 1973, na ubao uliokuwemo unaonyesha maziko yalifanyika 168 KK. Hati zake za hariri hazikuguswa na mhariri yeyote tangu siku hiyo.

Kuzisoma ndiko kulikokuwa na jasho. Hariri ilikunjwa, ikalowa, ikakatika penye mikunjo. Lakini wino ulivujia tabaka la jirani na kuacha maandishi yaliyopinduka, kama yaonekanavyo kwenye kioo. Mtafiti akishika kipande kidogo, hutafuta pacha wake aliyepinduka. Wakioana, amejua vipande hivyo vililaliana, na kuanzia hapo anahesabu mkunjo baada ya mkunjo. Naupenda mno ushahidi huu: maji yaliyoiharibu hati ndiyo yaliyoacha alama za kuiunga.

Hati mbili kati ya hizo zinaeleza mishipa, yaani njia za mwilini ambazo tiba hiyo huzifuata. Neijing inahesabu 12; hizi zina 11, na moja yake inaigawa 6 ya mguu na 5 ya mkono. Katika hati hiyo mishipa inapanda kutoka miguuni na mikononi kuelekea kiwiliwili, bila kuungana kuwa mzunguko. Kila maradhi yakishatajwa, agizo ni lile lile: choma mshipa huo kwa moto. Sindano haitajwi. Na mishipa kuwa 11, je, mwandishi aliruka mmoja? Hapana, maana vipande vya mianzi vya kaburi la Zhangjiashan, mkoani Hubei, vina matini inayokaribiana sana na mojawapo, nayo ina mishipa 11.

Hapo wengine walikimbilia kusema sindano hazikuwepo. Mimi sikubali. Mwanahistoria Sima Qian ameandika visa 25 vya tabibu Chunyu Yi, aliyeishi enzi hizo hizo, na katika baadhi yake anachoma sindano. Kinachosimama ni kwamba mishipa ilichorwa pia na watu waliotibu kwa moto, na hesabu ya 12 ilikuwa bado haijatulia.

Kisha, 2012 hadi 2013, kaburi la Laoguanshan, Chengdu, likatoa sanamu ndogo ya mtu iliyochorwa mistari na nukta mwilini. Sasa mistari hiyo inalinganishwa na maneno ya hariri, mshipa kwa mshipa.